Unga wa Nguruwe wa Mama

Baba alipofariki, shamba la ngano lilichukuliwa na wadogo zake, na ng'ombe wakaenda nalo. Mama alibaki na nyumba, bustani ya vitunguu na banda la mabanzi nyuma ya jiko. Nguruwe hawakutakiwa na mtu. Wakawa wake, akawapenda kama unavyopenda kitu ambacho hakuna atakayekuja kukunyang'anya.

Tulikaa juu ya Karatu, karibu na mpaka wa msitu wa hifadhi. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya lodge ya watalii niliyofanyia kazi kufungwa. Mwaka huo mvua ilikatika mapema, mahindi yakaadimika, tukawa tunawalisha nguruwe pumba za ngano na mashudu kidogo ya alizeti. Walikula kutwa nzima na hawakukua. Matumbo yalijaa, migongo ikabaki imechongoka. Kuku walishinda kwenye mavi yao wakidonoa chembe zilizotoka kama zilivyoingia.

Nilikwenda kumwona bwana mifugo wa kata.

"Tumbo la nguruwe haliwezi kuvunja nyuzinyuzi za pumba," aliniambia. "Changanya kimeng'enya. Kinazivunja, chakula kilichofungiwa ndani kinapatikana. Ila usikipike. Moto unakiharibu."

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Mama alipika chakula cha nguruwe kila asubuhi, kama mama yake alivyofanya.

"Niwape kibichi?" aliuliza nilipomwonyesha kimeng'enya nilichonunua dukani, unga wa rangi ya udongo.

"Tunauchanganya na pumba, tunaloweka kwa maji baridi. Basi."

"Dawa hiyo ikiwaua?"

"Si dawa, mama. Hata tumboni mwetu kuna kitu kama hiki kinachosaga chakula."

"Tumboni mwangu hakuna unga wa dukani," alisema. Lakini alikubali, kwa sababu ni mimi niliyeomba.

Na wakakua. Sisemi kwamba ulikuwa muujiza, lakini migongo ilijaa, mavi yakawa laini, kuku wakaenda kutafuta riziki kwingine. Mama alianza kukaa kwenye ukuta wa banda jioni akiwakuna masikio kwa kijiti na kuongea nao Kiiraqw, lugha ambayo mimi alikuwa ameacha kunisemesha tangu nirudi kutoka mjini. Siku moja aliniita nikakae naye. Nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa jioni yetu ya mwisho ya raha.

Kisha jike kubwa lilikataa kula. Kesho yake wengine walikuwa wamelaliana kwenye kona wakitetemeka, masikio yamegeuka zambarau. Mmoja alitokwa damu puani. Bwana mifugo alikuja, akasimama nje ya banda, hakuingia.

"Ni homa ya nguruwe," alisema. "Haina tiba. Wanaobaki tutawaua, wote tuwafukie."

"Imetoka wapi?" nilimuuliza.

"Labda kwa ngiri wa huko msituni. Labda kwa nyama iliyopita hapa kijijini. Hatutajua."

Mama alikuwa nyuma yangu. "Mimi najua," alisema. "Kabla ya ule unga hawakuwahi kuugua."

Bwana mifugo alimweleza kwa upole, mara ya kwanza na mara ya pili. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza kanisani. Tulipomwaga chokaa juu ya mizoga shimoni alikuwa ameshika khanga mdomoni, na hakunitazama.

Homa ilishuka na bonde. Nguruwe wa majirani wakafa, hata wale ambao hawakuwahi kuuonja ule unga. Nilidhani hilo lingemfungua macho.

"Mama, wale hawakula unga wetu. Sasa nao wameuawa na nini?"

"Maji yanateremsha uchafu wa banda letu kwao," alijibu. "Umewaua na wao."

Akajifunga kitenge, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Nilimfuata hadi kwa jirani wa kwanza. Nilimkuta mama amepiga magoti uani, na umri wake ule, anaomba radhi kwa ajili yangu. "Mwanangu hakujua," alikuwa anasema. "Msimlaani." Nilijaribu kumwinua. Alinisukuma mkono. Yule jirani alimwinua yeye mwenyewe, akanitazama mimi kama mwenye hatia.

Nilieleza. Kwa majirani, kwa baba zangu wadogo, kwa mchungaji. Kila nilipoeleza nilionekana najitetea. Baada ya muda watu waliacha kuitikia salamu yangu kisimani, na mama akaacha kula nilichopika. Hakugomba. Alisubiri nitoke tu, kisha akajipikia chake.

Sasa nimepanga chumba Karatu mjini, nafua mashuka ya wageni wanaokwenda kuona wanyama kwenye kreta. Nampigia simu Jumapili. Ananiuliza kama nimekula, namuuliza kama mvua imenyesha. Mara ya mwisho nilimwambia nataka kuja kumwona.

"Usubiri kidogo," alisema. "Watu bado wana uchungu."

Nilitaka kumuuliza kama yeye bado anao. Simu ilikuwa imeshakatika.