Mdogo Wangu na Moto wa Duka la Kijiji

Mdogo wangu alikuwa mtu wa kuogopa damu. Kwetu, karibu na mto Manchira, siku ya kuchinja alikuwa akitafuta kisingizio aende kuchota maji, na binamu zetu walimcheka akirudi. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu wengi waliniuliza kama alizaliwa katili. Hapana. Alizaliwa mpole, tena mwenye aibu nyingi.

Serikali ilipotuamuru tuhamie vijiji vya ujamaa, mimi nilikuwa nimeshaolewa Morotonga, ndani ya kijiji kipya chenyewe. Nilikuwa nawaona watu wakiingia na vyungu kichwani na kuku mikononi. Tata, yaani baba yetu, alichelewa. Alitaka avune ulezi wake kwanza. Mgambo wakaja asubuhi wakachoma nyumba. Mmoja wao, kijana wa rika moja na mdogo wangu, waliotahiriwa msimu mmoja, akampiga tata kofi. Kwetu baba wa mtu wa rika lako ni baba yako. Mdogo wangu alikuwa amesimama hapo hapo, na hakufanya kitu.

Kijijini hakutulia. Alilima kidogo, akatupa jembe, akaenda barabarani, akarudi, akatoka tena. Ukimsemesha anaangalia nyuma yako. Aliyemwokoa kwa muda ni fundi cherehani, mzee Mwislamu aliyekuja kutoka pwani zamani na kuweka mashine yake kwenye baraza la duka la kijiji.

"Mura, njoo hapa," alimwita kwa neno letu la kijana mwanamume. "Miguu yako haitaki kukaa? Basi ikanyage cherehani."

Kwa miezi kadhaa nikapumua. Akajifunza kushona sare za shule, akaanza hata kucheka. Kisha kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti akamsimamisha mbele ya watu akamwita mzururaji, na yule mgambo wa kofi akacheka kuliko wote. Kesho yake cherehani haikumwona. Alikuwa amevuka Sirari, kwa mjomba wetu upande wa Kenya.

Mama alikosa usingizi, akanituma nimtafute. Nilimkuta mnadani Sirari na wenzake, wamevaa buti. Kati yao kulikuwa na mwanamume mtu mzima, aliyewahi kuwa askari, ambaye wote walimwita Mkubwa.

"Turudi nyumbani," nikamwambia.

"Nyumbani wapi, dada? Huyu ananisikiliza. Huko kwenu nani aliwahi kuniuliza ninawaza nini?"

"Mnafanya nini hapa?"

"Watu watoke kwenye vile vijiji. Wakiogopa, watatoka."

"Watu gani? Mimi nimo humo."

"Wewe si wao."

"Na fundi?"

Akamtazama Mkubwa aliyesimama mbali kidogo, ndipo akasema, "Anayekaa nao ni wao." Alilitamka kama mtoto anayesoma ubaoni. Nilimshika mkono, akauchomoa taratibu, bila hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

Nilirudi nikamweleza mume wangu, tukaenda pamoja kwa mwenyekiti. Akaweka walinzi. Siku zikapita bila kitu, walinzi wakarudi mashambani kwao. Mimi sikuweza kukaa. Nikipika nachungulia nje, nikilima nageuka. Mume wangu aliniambia nimekuwa kama swala.

Walikuja mchana, siku iliyoletwa sukari, tukiwa kwenye foleni ya duka. Watu walitawanyika kwa milio ya bunduki, nami nikaanguka nyuma ya rundo la matofali. Walikuwa wamefunga nyuso kwa vitambaa, lakini mwendo wa ndugu yako utauficha wapi? Yeye ndiye aliyelitia duka moto upande wa nyuma. Muuza duka, binti mdogo tu, alikuwa bado ndani akipiga kelele. Fundi akaingia kumtoa. Binti alitoka nywele zikiwaka, tukamzima kwa khanga. Fundi hakutoka. Paa lilikuwa la nyasi.

Mdogo wangu alikamatwa akielekea Tarime. Mimi na mama tulikwenda kumwona gerezani Musoma, tukapewa muda mfupi.

"Fundi alikukosea nini?" mama akamuuliza.

"Hakunikosea."

"Sasa?"

"Mama, siku ile sikumwona fundi. Niliona duka." Kisha akanigeukia. "Watu wamehama?"

Hakuna aliyehama. Nilipomwambia, uso wake ulibaki vile vile, ila mguu wake mmoja ulianza kutikisika chini ya meza, na haukukoma mpaka askari alipomwondoa. Alihukumiwa kifungo kirefu. Aliugua akafia humo.

Kabla hajafa nilikwenda kwa mjane wa fundi. Nilimkuta anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Mume wangu alimpenda yule kijana, alikula hapa. Nieleze, mwanangu, nini kilimgeuza?"

Nikaanza na kofi. Akanisikiliza, halafu akatikisa kichwa.

"Makofi walipigwa wengi. Nyumba zilichomwa nyingi. Hata ya baba yako. Baba yako amechoma nani?"

Nikasema habari za mkutano, za kicheko, za yule Mkubwa wa mnadani. Kila nililotaja lilikuwa kweli, na kila moja lilikuwa dogo mno. Akanisukumia kisu, tukamenya pamoja. Alinitaka nisubiri chakula, sikuweza. Nilitembea hadi kwangu, nikaupita mlango bila kuingia, nikaendelea kutembea.