Alipoushusha Wimbo Wangu

Mtaani wanamwita Fundi Piipii, na jina hilo wala halimuudhi. Kazi yake ni kutengeneza friji. Mchana kutwa utamkuta kibandani kwake amepiga magoti nyuma ya friji ya mtu, sikio kalibandika kwenye kompresa, uso kaukunja. Akirudi nyumbani anaoga, anakula, halafu anaikalia ile kompyuta iliyo kwenye kona ya sebule, kati ya kabati la vyombo na mlango wa chumbani, anatunga muziki wa piipii. Jina hilo nililianzisha mimi tulipooana, kwa utani wa ndani ya nyumba, likatoka nje bila ruhusa yangu.

Ni muziki wa aina ya ile michezo ya video ya zamani, wenye sauti chache, kavu, zisizo na mapambo. Programu anayotumia haina picha ya kinanda wala gitaa. Ina safu za herufi na namba zinazoteremka kwenye skrini, na kila sauti lazima aiandikie kila kitu: ianzie wapi, ivutwe mpaka wapi, itetemeke kwa kasi gani na kwa upana gani. Asipoiambia itetemeke, inanyooka kama msumari. Akiiambia itetemeke kisha akasahau kuiambia iache, itatetemeka mpaka mwisho wa wimbo. Nilimwambia mashine yake ni kama wageni fulani tunaowajua, haiondoki mpaka uifukuze.

Mimi ndiye mwimbaji. Nina saluni ya nywele, na wateja wangu wanajua kwamba mikono ikisuka, mdomo unaimba. Wimbo wa kwanza alionitungia mume wangu nilikaribia kuutupa dirishani, kwa sababu kila sauti ilianza kutetemeka papo hapo, haijatulia hata kidogo.

"Huyu mtu wako," nikamwambia, "anaimba akiwa juu ya baiskeli kwenye barabara ya mawe."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema, "Basi imba wewe, nisikie."

Nikaimba. Akanirudisha mstari uleule mara sijui ngapi, mpaka chai ikapoa na mimi nikaanza kununa. Mwisho akasema, "Nimekupata. Wewe hutetemeshi tangu mwanzo. Unaanza chini kidogo, unaivuta sauti mpaka inafika, unaishika imetulia, halafu ndiyo unaiachia."

Maisha yangu yote nilikuwa naimba, na hakuna aliyewahi kuniambia ninavyoimba. Yeye aliyaandika yote kwa namba: mvuto, utulivu, kisha mtetemo. Tangu siku hiyo mashine yake ilipiga mstari uleule ninaouimba, sambamba nami, ikipanda kama ninavyopanda mimi. Nikiwa jikoni nilikuwa nikilalamika kwamba nimeolewa na mwizi wa koo. Ukweli ni kwamba nilikuwa najisikia mno.

Kisha nikaota uvimbe shingoni. Ukakua, nikapasuliwa. Daktari alinieleza mapema kabisa kwamba sauti inaweza kubadilika, nikatia sahihi kwa hiari yangu, na ugonjwa ukaondoka, namshukuru Mungu. Sauti ya kuongea ilirudi, nzito kidogo. Ya kuimba ilirudi nusu. Nikijaribu kupanda juu inakatika, inabaki pumzi tupu. Nilijaribu bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa ili nisisikike, nikajua. Nikaacha kuimba. Aliyeniuliza nilimwambia bado napumzika, na watu wana huruma, wakaniacha nipumzike. Saluni ikawa kimya, kelele ni za mashine ya kukaushia nywele tu.

Mdogo wangu wa kiume anatengeneza michezo ya simu. Alikuwa akimalizia mchezo wa kwanza wa kwake mwenyewe, na kabla sijaugua alituomba wimbo wa mwisho, ule unaopigwa mchezaji akishinda: muziki wa shemeji yake, sauti yangu. Muziki ulikwisha zamani. Ulikuwa unanisubiri mimi. Siku moja akaja, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Dada, mchezo uko tayari," akasema huku akiitazama sakafu. "Umebaki wimbo tu. Nisubiri, au nitafute mtu mwingine? Sema tu, sitachukia."

"Tafuta mwingine," nikamwambia.

"Shemeji, subiri mpaka Jumapili," mume wangu akadakia kutoka kwenye kona yake. Nikamkata jicho. Hakuna aliyemwuliza.

Wiki hiyo mteja mmoja aliahirisha, nikafunga saluni mapema. Nilipofika barazani kwetu nikausikia wimbo wangu, ule wa mchezo, ndani, nikasimama na mkoba begani. Kitu hakikuwa sawa. Wimbo ulikuwa umeteremshwa wote, na kila mahali sauti ilipotakiwa kuvutwa juu, ilipanda kidogo ikaishia njiani, kama mtu anayetaka kuinuka kitini halafu anakaa tena. Nilielewa mara moja umeshushwa kwa ajili ya nani. Damu ikanichemka.

"Nani kakutuma?" nikamwuliza nikiwa bado mlangoni.

Akageuka. "Nimeushusha kidogo tu."

"Umenishusha mimi. Na huko kupanda kusikofika, ndiko nini? Ndivyo ninavyosikika siku hizi?"

Aliduwaa. Akavua miwani, akaivaa tena. "Hapana. Huko sijagusa, haki ya Mungu. Programu hii inafuata tabia ya mashine za zamani. Namba ileile ya kuvuta, ukiipa sauti ya juu inaruka mbali, ukiipa ya chini inasogea kidogo tu. Nimeshusha sauti, namba za kuvuta zimebaki zilezile. Na mimi nimeshtuka kama wewe."

Nilimwamini, maana mume wangu hajui kusema uongo, akijaribu anaanza kujikuna kidevu. Lakini kumwamini hakukunipoza. Nilimwambia sitaki kuonewa huruma ndani ya nyumba yangu, nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa visafi. Nililia pale kwenye sinki. Niliogopa. Nilikuwa naogopa kwamba siku nitakayoimba chini, kila mtu atasikia kile kilichokosekana, na nikishasikika hivyo mara moja, ndio nimekwisha.

Hakuacha. Kila jioni nikipika nilimsikia akitengeneza, mvuto mmoja baada ya mwingine. Hakuweza kutafuta namba moja akaipachika kote, kwa sababu kila sauti ilitaka namba yake. Alipiga, akasikiliza, akaongeza, akapiga tena. Niliikoroga sufuria nikijidai sisikii. Kufikia Jumamosi mchana wimbo ulikuwa mzima tena, uko chini, lakini kila kupanda kunafika kwake. Mguu ukanitoa jikoni wenyewe.

"Jaribu," akasema bila kugeuka. "Hakuna anayesikiliza."

"Na wewe?"

"Mimi fundi friji."

Nikaimba. Sauti ikatoka, nzito, ina mikwaruzo, siijui vizuri, lakini ikasimama. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita, na kifua changu kikaanza kufunguka, nikasahau kuogopa. Tukafika mstari wa mwisho, pale wimbo unapopanda kuliko kote. Nikaivuta sauti, ikafika nusu, ikakatika. Mashine ikaendelea kupanda peke yake, ikafika, ikatulia, ikatetemeka.

Mume wangu akashika kibodi, akabadilisha namba moja, akapiga mstari ule tena. Safari hii mashine ilipanda mpaka pale nilipokatikia mimi, ikakomea hapohapo. Ungeusikia ungesema umetungwa hivyo tangu mwanzo.

"Sasa hakuna atakayejua," akasema. Alisema kwa sauti ndogo.

Nikakaa kwenye mkono wa kochi. Nampenda mume wangu, na sidhani kama kuna mtu amewahi kunitendea jambo la upendo kuliko lile. Lakini sikuweza kulipokea.

"Irudishe," nikamwambia.

"Mke wangu..."

"Irudishe ifike juu. Pale ndipo nilipokuwa nafika. Mimi siwezi tena kupafikia, na hakuna anayepajua zaidi yako. Uliandika mwenyewe kwa namba nilivyokuwa naimba. Ukizifuta namba hizo, sauti yangu ile itabaki wapi?"

"Na wewe utafanyaje?"

"Nitabaki chini. Nitaishika sauti yangu pale inapoishia, mashine ipande."

Akairudisha. Tukaurudia wimbo mzima, na mstari wa mwisho ulipofika niliishika sauti yangu chini, imenyooka, sikuivuta, nikaisikia ile nyingine ikiniacha na kwenda. Iliuma, sitaki kudanganya. Ilikuwa nzuri pia. Mume wangu alijifanya anafuta vumbi kwenye skrini.

Jumapili mdogo wangu akaja, akavaa spika za masikioni, akasikiliza mpaka mwisho. Akazivua, akamgeukia mume wangu, akasema taratibu asije akaniumiza mimi.

"Shemeji, ni mzuri sana. Ila pale mwisho mashine imempita dada. Huwezi kuipunguza kidogo, wakawa sawa?"

Mume wangu alinitazama mimi.

"Iache," nikamwambia mdogo wangu. "Hiyo nayo ni mimi."