Jina Langu Lilivyovunja Uchumba

Jamani, leo mpwa wangu ameniuliza kwa nini sikuolewa.

Ni jina langu tu.

Miaka ya sitini, mchumba wangu Wandera na wazazi wake walivuka mpaka kutoka Busia ya Uganda, wakaja kwetu kuposa.

Kuku ameliwa, chai imenywewa, vicheko tele.

Mama yake akauliza, "Awiti maana yake nini kwa Kijaluo?"

Nikasema, "Aliyetupwa."

Akaweka kikombe chini. "Nani alikutupa, mwanangu?"

Mama yangu akadakia, akidhani ananiokoa. "Hakutupwa, Mama Wandera! Nilizika watoto watatu kabla yake. Huyu alipozaliwa tukamlaza njiani, jirani akamwokota, ili kifo kidhani hana mwenyewe, kimpite."

Lo! Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

Mama Wandera akamgeukia mumewe. "Watatu? Hatuwezi kuoa katika nyumba inayofiwa hivi."

Wakaondoka. Wandera akawafuata, hata hakugeuka nyuma.

Jioni mama alikuwa anaosha vikombe huku analia. "Nilikupa jina hilo uishi, Awiti. Na umeishi."

Nikachukua kitambaa, nikaanza kuvikausha vikombe.

Nyinyi mngemjibu nini?