Wali wa Chai wa Mama Hatsue

Joyeuse alitoka Fizi, Kongo, akaishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na sasa ni mwaka wa sita anawalisha wazee katika nyumba moja ya kuwatunzia huko Roseville, Marekani. Kati ya wote, Mama Hatsue, Mjapani wa miaka tisini na mmoja, ndiye aliyemshinda.

Tangu apate kiharusi, Mama Hatsue alikuwa hamezi vizuri. Daktari aliagiza chakula kilichosagwa tu, na hata maji yatiwe unga yawe mazito, asije akapaliwa. Akiona kijiko, mzee hufumba mdomo na kugeukia ukutani. Aliomba kitu kimoja tu: ochazuke.

Naomi, binti yake, alimweleza Joyeuse kwa simu kwamba ni wali mweupe uliomwagiwa chai ya kijani ya moto. Mama yake alipewa huo tangu utotoni kila alipougua.

"Wali na chai tu, kaka," Joyeuse alimwambia Wanjohi, nesi wa zamu. "Hata kambini tungempatia."

"Najua, dada. Lakini chai ni nyepesi, itaingia kwenye mapafu. Akipaliwa, mimi napoteza laisensi yangu, na wewe kazi yako. Nimeshampigia daktari."

Naomi alikuwa tayari kusaini kwamba anakubali hatari hiyo. Ila daktari alikuwa likizo, na aliyemshikia nafasi hakutaka kuamua. Joyeuse alibembeleza, akaimba, akasaga wali pamoja na chai. Mama Hatsue aliuonja, akautema taratibu kwenye leso, akaomba radhi kwa Kiingereza. Kila asubuhi Joyeuse alimvisha sweta ileile, na kila asubuhi ilizidi kumpwaya.

Siku ya kumi ruhusa ya daktari ikaja. Joyeuse alipika wali mwenyewe, akamimina chai mbele yake. Mama Hatsue aliliangalia bakuli kama kitu asichowahi kukiona, kisha akafumba mdomo.

"Ochazuke, mama," Joyeuse alisema. "Ndiyo hii."

Alimgusisha kijiko mdomoni. Chai ikamtiririkia kidevuni. Akaifuta, akajaribu tena, na tena, hadi wali ukapoa.

"Niandike nini?" Wanjohi aliuliza.

"Sijui. Andika amekataa."

Mama Hatsue alifariki Jumapili, Joyeuse akiwa kanisani. Naomi alipokuja kuchukua nguo, aliuliza kama mama yake alikipata alichokitaka.

"Tulimpa," Joyeuse alisema. "Lakini alikuwa hakijui tena."

Naomi aliitikia kwa kichwa, wakaikunja ile sweta.