Aliyeonja Kabla Yangu

Mwiko ndio uliotangulia. Nilikuwa nimelala chali, macho nimeyafumba, viganja vyangu viwili juu ya tumbo, nikausikia ukigonga ukingo wa sufuria: ko, ko, ko. Mara tatu, kisha kimya. Kila mtu wa nyumba yetu mjini Baraka anaujua mlio huo. Mama mdogo amemaliza kusonga bugali. Nilipokuwa mtoto ulinitoa ziwani mbio, maji yakinichuruzika mgongoni, ili niiwahi sahani kabla ya kaka zangu. Mchana ule ulinifanya nivute shuka hadi kidevuni.

Ilikuwa wiki ya saba tangu nipasuliwe. Daktari wa Nairobi alinichorea tumbo langu kwenye karatasi, kubwa, limelegea kama kibuyu kilicholazwa. Pembeni yake akachora jipya, dogo kama yai la kuku. Chakula kitapita hapa, alisema, na lile kubwa tutalifunga, litabaki humo ndani bila kazi. Niliikunja karatasi ile nikaiweka ndani ya daftari ninamoandikia riwaya zangu.

Baba yangu alikufa kwa ugonjwa wa sukari. Ulianza kumla mguu, ukamaliza na macho. Nami kabla ya kufika miaka thelathini sukari ilikuwa imeshaingia kwenye damu yangu, magoti yalikuwa yananilia, na nikitoka kisimani hadi mlangoni nilihema kama mtu aliyepanda milima ya Minembwe kwa miguu. Dada yangu anayeishi ng'ambo ndiye aliyepanga safari. Nyumbani nilisema ninakwenda kupasuliwa kidonda cha tumbo.

Ulikuwa uongo, na niliutunga vizuri kuliko hadithi zangu zote. Sikuona njia nyingine. Kwetu Fizi watu wamekimbia vita mara nyingi, hata mwili mnene umekuwa ushahidi kwamba mtu amelala kwake mwaka mzima. Ukiambiwa umenenepa, umepongezwa. Mama alinibeba tumboni akiwa porini, akichimba mizizi ambayo hakujua hata majina yake. Ningemwambia vipi mwanamke huyo kwamba nimesafiri nchi mbili nikatwe tumbo, ili nisile?

Mama mdogo ni mke wa pili wa baba. Kanisa halikumtambua, lakini sufuria zilimtambua. Baba alipozikwa, ukoo ulimngoja arudi kwao Ubwari, ng'ambo ya ghuba, na yeye hakurudi. Alibaki kwenye chumba chake kinachopakana na jiko. Mama alikuwa mtu wa shamba na soko. Mama mdogo alikuwa mtu wa moto. Kidole chake ndicho kilichonipa tonge langu la kwanza duniani, limechovywa kwenye mawese. Mama mwenyewe ndiye aliyenisimulia hilo, bila wivu.

Basi mchana ule niliketi mkekani. Bugali ulikuwa umesimama kama kilima, mvuke ukiutoka kileleni. Kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo iliyong'aa mawese na samaki mukeke wa kukaanga, mkia wake umetokeza nje ya sahani. Harufu ilinifikia yote, na yote niliipenda. Watu hudhani tumbo likipunguzwa na hamu hupungua. Yangu ilibaki kubwa vilevile, kama mgeni mnene aliyealikwa kwenye chumba cha panya.

"We mutoto," alisema mama mdogo, "unaangalia chakula kama iko picha?"

"Nakula, mama mudogo."

"Unakula? Kuku wangu anakula kukupita. Na kuku haandikake bitabu."

Nilicheka. Nilikata tonge la ukubwa wa ncha ya kidole gumba, nikalitafuna mara ishirini na tano kama nilivyofundishwa, nikameza, nikangoja. Lilipita. Uso wake ukafunguka kwa furaha, na furaha ile ndiyo iliyoniponza: nikakata la pili, kubwa kidogo, nikalimeza haraka ili nimwone akifurahi tena.

Bugali ni chakula kinachotaka nafasi. Tonge lilikwama chini ya kifua, likakaa pale kama jiwe. Mate yalinijaa mdomoni. Nilikimbilia nyuma ya nyumba, kwenye mipapai, nikatapika nimeshika shina.

Nilipoinua kichwa nilimwona mama jirani aliyekuja kuazima mchi. Alikuwa amesimama nao begani. Aliniangalia kitenge changu, kilichokuwa kinanizunguka mara mbili sasa, kisha akamgeukia mama aliyekuwa anaanua nguo kwenye kamba.

"Huyu mutoto anaisha," alisema. "Nani anamupikiaka?"

Aliuliza hivyo tu. Kwetu swali hilo halihitaji kumaliziwa. Mtu akikonda ghafla, akitapika kile alichokula, hakuna anayeuliza ana ugonjwa gani. Wanauliza alikula wapi. Ndiyo maana ukimpa mgeni chakula au kinywaji, unaonja wewe kwanza mbele ya macho yake, tone moja au tonge moja, halafu unamsogezea. Ni adabu, na ni hofu ya sumu iliyovaa adabu. Lakini ndani ya nyumba moja hatuonjeani. Kuonja chini ya paa moja ni kukiri kwamba paa limepasuka.

Siku tatu baadaye mama alisimama mlangoni wakati wa chakula. Kwa kawaida huketi. Mama mdogo alikuwa amenisagia ndakala, samaki wadogo, wakawa unga laini na mawese kidogo, kwa sababu alisema pengine koo langu limechoka.

"Onja kwanza," mama alisema.

"Yaya?" aliuliza mama mdogo; ndivyo anavyomwita mama, dada mkubwa.

"Onja. Mutoto aone."

Mama mdogo alicheka. "Nionje nini? Chumvi? Chumvi iko."

Mama hakucheka. Niliona kicheko cha mama mdogo kikibaki peke yake usoni, hakijui pa kwenda. Alinawa mkono wake wa kulia ingawa ulikuwa safi. Akakata tonge, akalichovya kwenye bakuli la samaki, akala. Akakata lingine, akalichovya kwenye mboga, akala. Kisha akafungua mdomo wake wazi na kuinua ulimi, kama mtoto anayemwonyesha muuguzi kwamba kidonge kimekwenda.

Mimi nilikuwa ninaangalia sahani. Sentensi niliyokuwa nadaiwa ilikuwa fupi: nimepunguzwa tumbo, hakuna aliyenifanya kitu. Nilikuwa nayo mdomoni, ndogo kuliko tonge. Nikaitafuna hadi ikaisha.

Wiki tatu zikapita hivyo. Kila mlo mwiko uligonga, sahani ikaja, mama akasimama mlangoni, mama mdogo akala kwanza. Hakusema tena habari za kuku wake. Alianza kuonja hata maji. Nami nilizidi kupungua. Kidonda changu cha uongo kilinilinda wiki za mwanzo, nilipokunywa uji na supu tu. Lakini kidonda hupona, na mtu aliyepona hunenepa. Mimi nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana, na nilisikia baridi saa sita za mchana, jua la Baraka likiwa linapasua udongo. Daktari alinieleza yote hayo mapema. Nilipompigia simu alisema ninaendelea vizuri, sukari imeshuka, magoti yatanishukuru. Niliishi nikiwa mzima kwenye simu na maiti kwenye macho ya majirani.

Nilijaribu kuandika. Jumamosi tunakutana, vijana wachache tunaopenda vitabu, kwenye ukumbi wa parokia, tunasomeana. Siku hiyo nilisoma ukurasa kuhusu mwanamke anayesingiziwa, na wenzangu wakanipigia makofi. Nilirudi nyumbani na makofi yale masikioni, nikamkuta yule ambaye mimi nilimwacha asingiziwe akiwa ameinama, anapuliza moto wangu.

Alikuwa ananipikia uji. "Hauna nguvu," alisema bila kuniangalia. "Nimetia karanga na sukari mingi. Kunywa."

Sukari. Nilijua. Lakini alikuwa ameshaonja, bila kuamriwa safari hii, kijiko kizima, na mkono wake ulikuwa umenishikia kikombe. Ningeukataa vipi mkono huo? Nilikunywa nusu.

Hazikupita dakika ishirini. Moyo ulianza kunikimbia, jasho likanilowesha hadi nyayo, ukumbi wa nyumba ukazunguka, nikalala sakafuni kwenye saruji nikitafuta ubaridi wake. Ndivyo uji mtamu unavyofanya ukiangukia matumbo moja kwa moja. Mtu akilala, hupita. Lakini mama aliingia akitoka shamba, akakuta mimi chini na kikombe pembeni.

"Nilionja," alisema mama mdogo. "Yaya, nilionja."

"Anayetia anajuaka dawa yake," mama alijibu.

Nilielewa basi kwamba matonge yote yale aliyoyala mbele yangu hayakumwosha. Yalimchafua zaidi. Asiyedhurika ndiye mwenye dawa.

Jumatatu mama alirudi na kidumu kidogo cha plastiki. Ndani mlikuwa na maziwa yaliyochanganywa na majani, rangi yake kijani cha bwawa. Mwenye miti mmoja, mganga wa upande wa Nundu, alimpa. Nilitakiwa ninywe chote bila kupumzika, nitapike mpaka sumu itoke, na kitakachotoka kingeonyesha nani alinitilia. Mama mdogo aliitwa naye aje aone. Alikuja na mwiko mkononi, unga ukiwa bado umeushika.

"Na we," mama alimwambia, sauti yake ya chini, sauti ya kanisani, "boti ya Ubwari iko leo."

Mama mdogo alibandua unga kwenye mwiko kwa ukucha. Nikapewa kopo la lita moja, limejaa hadi mdomoni.

Ninataka kuandika kwamba nilisema kwa sababu ya boti hiyo. Nimeijaribu sentensi hiyo mara nyingi na kila mara kalamu inanigomea. Nilisema kwa sababu daktari alinionya kwamba kutapika kwa nguvu kunaweza kuachanisha mshono. Niliona nyuzi zangu. Niliogopa kwa ajili yangu, nikaweka kopo chini, nikaenda kuchukua daftari, nikaikunjua karatasi ya kibuyu na yai mbele yao wote wawili.

Niliwaeleza yote. Ilichukua muda mfupi kuliko kutafuna tonge.

"Ulikata tumbo," mama alisema. "Kwa kupenda?"

"Nisikufe kama baba, mama."

Aliketi juu ya kigoda. "Tumbo hilo," alisema, "nililitafutia mizizi na vidole hivi." Akavitazama vidole vyake. Hakunipiga kelele. Ningependa angenipiga kelele.

Mama mdogo alikuwa ameishika ile karatasi. Aliigeuza, akaigeuza tena. "Yai," alisema. "Kumbe nilikuwa ninajaza bugali ndani ya yai." Kicheko kidogo kilimtoka, kile cha zamani, nikadhani tumeokoka. Kisha aliuliza:

"Ni juma ngapi nimeonja?"

"Tatu."

"Mara mbili kwa siku. Nikifungua kinywa hivi." Hakukifungua. "Na we ulikuwa unajua."

"Mama mudogo, nisamehe."

"Nimekusikia."

"Mudogo wangu," mama alisema bila kuinua uso, "acha boti iende. Tukule kwanza."

Mama mdogo aliingia chumbani kwake. Alitoka upesi mno. Mzigo wake ulikuwa umefungwa tangu lini sijui, kitenge kimoja, mafundo mawili. Lakini alipita jikoni kwanza. Nilisikia mfuniko. Akarudi na kisosi cha chai, na katikati yake tonge moja, dogo kama ncha ya kidole gumba, na nyama ya mukeke aliyoichambua mifupa uzi kwa uzi. Kipimo chake kilikuwa sawasawa kabisa. Ni mimi tu na daktari tuliokijua, na sasa yeye, kwa kuitazama karatasi mara moja.

Alikiweka mbele yangu. Mkono wake haukwenda kwenye kisosi.

"Hii sionji," alisema.

Akajitwika mzigo. Mama alisimama, akaketi tena. Mimi nilitia tonge mdomoni, kwa sababu hicho ndicho alichotaka nifanye na sikuwa na kingine cha kumpa, nikaanza kutafuna na kuhesabu. Kumi. Kumi na moja. Alivuka ukumbi akiwasukuma kuku nje kwa mguu wake, polepole, kama siku zote. Mlango wetu umelegea bawaba, na asiyeuzoea huuacha wazi, kuku wakaingia kwenye unga. Yeye aliuinua kidogo kwa bega, akauvuta nyuma yake, na nilikuwa nimefika kumi na saba ulipofungwa.