Kovu Juu ya Nyusi

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu ya wino wake. Nilikuwa kijana wa studio ya picha pale Buzebazeba, miaka ile wakimbizi walipokuwa bado wanavuka ziwa kutoka Kongo, na nilijiona fundi kuliko aliyenifundisha. Aliyenifundisha ni Bi Tausi, mwenye studio, Mmanyema wa Ujiji mwenye ulimi wa pilipili. Kompyuta na printa zilikuwa bado ngeni mjini, nami nilijidai kama niliyezaliwa nazo.

Akaja Mama Furaha, mkimbizi, na picha ndogo ya shule, nyeusi na nyeupe, aliyoificha ndani ya Biblia. Ilikuwa ya binti yake, Furaha, waliyepotezana naye wakati wa kukimbia. Alitaka ikuzwe, awape watu wa boti za Kalemie, ng'ambo ya ziwa, wamuulizie huko. Bi Tausi alikuwa amekwenda msibani Simbo. Nikachagua karatasi inayong'aa kama kioo, na ule wino wa kujazia ambao huchanganya rangi tatu ili upate weusi. Picha ikatoka inameremeta. Nilijisifu peke yangu, maana hapakuwa na mwingine wa kunisifu.

Wiki mbili baadaye mama akarudi, akafungua fundo la kitenge, akaiweka ile picha mezani. Kule Kibirizi, zinakotia nanga boti hizo, anayeulizwa habari za mtu huishika picha na kuupapasa uso kwanza ndipo ajibu, na mikono ya watu wa dagaa haikauki. Shavu la mtoto lilikuwa limegeuka kijani, macho yametiririka mpaka kidevuni.

"Karatasi imebaki," alisema polepole. "Mutoto ameenda tena."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Bi Tausi hakunigombeza mbele ya mgeni. Alimkalisha, akampa chai, kisha akanivuta kando.

"Uliangalia itakavyopendeza hapa mezani," aliniambia. "Hukuuliza itashikwa na nani."

Akatoa karatasi nzito ya pamba isiyong'aa, na wino ambao rangi yake ni unga laini unaong'ang'ania karatasi: mweusi mmoja na kijivu cha aina mbili. Ngozi yetu, alisema, haina weusi wa namna moja, ndiyo maana wino mmoja hauitoshi. Nilidhani ananipiga porojo.

Printa ikaanza, mstari kwa mstari. Zikatoka nywele, likatoka paji la uso, na juu ya nyusi ya kushoto pakatokea kovu dogo. Wallahi sikuwa nimeliona. Kwenye picha yangu lilizama gizani. Mama Furaha akasimama na kikombe mkononi, akasema mtoto aliangukia jiko akiwa anajifunza kutembea. Kwa weusi na kijivu tu, mtu kamili alikuwa anatutazama kutoka kwenye karatasi.

Bi Tausi aliiacha ikauke mpaka kesho yake. Kisha akachovya kidole gumba kwenye kikombe cha maji ya ziwa na kuusugua ule uso. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Furaha alikuwa palepale.

Picha ikaenda Kalemie. Ilirudi baada ya miezi mitatu, pembe zimekunjika, imejaa alama za vidole vya watu nisiowajua, uso haujafutika. Aliyeingia nayo studio, ameshikana mkono na mama yake, alikuwa msichana mwenye kovu juu ya nyusi.

Basi, mwanangu, nawe umeianza kazi hii. Kabla hujachagua karatasi, uliza mikono itakayoishika. Kabla hujachagua wino, tazama ngozi ya mtu uliyepewa. Usichapishe ili usifiwe mezani. Chapisha kana kwamba kuna mama anayesubiri ng'ambo. Mungu akupe jicho la kuliona kovu dogo, na kila uso utakaopita mikononi mwako ufike salama kwa wanaoutafuta.