Kiti cha Mgeni Chini ya Bati

Wifi yangu Liliane ana kazi ambayo mama yangu bado hajaikubali kuwa ni kazi: anaingia majumbani mwa watu na kuwauliza kama wanaona joto. Alifundishwa Mbarara, na aliporudi hapa kambini Kashojwa alituchosha kwa kuisifia nyumba aliyolala huko, eti ina dari, hata saa sita mchana mtu unajifunika shuka. Ana kipimo kidogo cha kutundika ukutani na swali moja: unaona joto, unaona baridi, au uko sawa?

Mwaka jana ikafika zamu yetu. Wanawake wa kanisa letu tunashonea katika chumba cha bati tupu, na kama kingeonekana kina joto la kuumiza, shirika lake lingetuwekea dari ya mafunjo. Tuliitaka dari hiyo kuliko kitu chochote. Lakini tuliposikia kwamba Kizito, mkubwa wa Liliane kazini, anakuja kutoka Mbarara, tukafanya kama mama zetu walivyotulea kule Kivu Kusini. Tukanyunyizia sakafu maji, tukatundika vitenge vilivyolowa madirishani, tukapika chai.

Liliane akauliza. Mama Kankindi, mkubwa wetu, jasho likimtiririka shingoni, akajibu, "Tunashukuru Mungu. Fasi iko muzuri."

Sote tukajibu hivyo hivyo, kwamba mahali ni pazuri. Nani atamlalamikia mgeni usoni?

Kizito akatazama kipimo, ambacho kwa maji yetu hakikupanda sana. "Kama wao nasema iko sawa, dari tapeleka kwa wengine," akasema kwa upole.

Liliane alikasirika hata nikamwonea huruma. Akamwomba Kizito arudi siku yoyote bila kutuarifu, naye akakubali. Wakatukuta siku ya jua kali, sakafu kavu, cherehani zote tumezihamishia barazani. Liliane akaturudisha ndani, akatundika kipimo, akauliza tena. Mama Kankindi alikuwa ameshaanza kumshukuru Mungu.

"Ngoja, mama," Liliane akamkatiza. "Nikileta mugeni saa hii, mutamukalisha fasi gani?"

"Inje."

"Juu ya nini asikale humu?"

"Humu? Unapenda tumupike?"

Tukacheka wote, hata Kizito, ambaye wakati huo alikuwa akijifuta paji la uso. Liliane akamuuliza kila mmoja wetu peke yake, na kila mmoja akamtoa mgeni nje. Kizito akasema sasa ameelewa.

Dari iliwekwa kabla ya mvua, na cherehani zimerudi ndani. Juzi Kizito alikuja kupima upya. Liliane akauliza lile swali lake la kwanza.

"Tunashukuru Mungu," akasema Mama Kankindi. "Fasi iko muzuri."

Maneno yale yale. Liliane akashika kichwa. Mama Kankindi hakumjali. Alitoka hadi barazani, akakibeba mwenyewe kiti cha mgeni, akakiingiza ndani.